Mwaka Niliopaka Anga Tupu

Chelimo aliponipigia simu kuniambia kwamba baba yake amefariki, nilikuwa juu ya ngazi huko Nakuru nikipaka twiga kwenye ukuta wa shule ya chekechea. Nilishuka, nikakaa juu ya ndoo ya rangi, nikamsikiliza. Alisema walikuwa wameshamzika, kwamba walinitafuta wasinipate kwa sababu mimi hubadilisha namba za simu kama mtu anayefukuzwa, na kwamba sasa familia inataka kukusanya picha za mzee nyumbani pale mtaa wa West Indies, Eldoret, watu waje wazione, wanywe chai, na mtu aseme maneno machache. "Wewe ndiye mwanafunzi wake wa pekee," alisema. "Nani mwingine anaweza kuongea?" Nilimwambia nitafikiria. Nikapanda tena ngazi na kumpa yule twiga shingo mbaya sana ambayo ilibidi niifute kesho yake.

Nina miaka hamsini na kitu sasa, na nimedanganywa na watu wengi, wengine wakiwa hodari wa uongo kuliko Mzee Barnaba, baba yake Chelimo. Hao nimewasamehe au nimewasahau, na sioni tofauti kubwa kati ya hayo mawili. Yeye peke yake sikuwahi kujua nimweke wapi, kwa sababu kila ninaposhika brashi nashika alichonifundisha, na alichonifundisha ndicho alichonidanganya nacho. Kwa hiyo nikajua kwamba nikienda Eldoret nitaulizwa niseme alikuwa mwalimu wa namna gani, na nikajua pia kwamba sitaweza kusema uongo mbele ya zile picha. Nilikuwa na siku chache za kuamua kama nitakwenda. Siku hizo ndizo zilizonirudisha kwenye mwaka ule.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala kwa nini niliacha shule kidato cha pili. Hayo yananichosha hata mimi. Itoshe kusema kwamba nilipofika Eldoret nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nilikuwa nimeshakuwa utingo wa lori la mahindi, muuza mitumba na mpishi wa kantini, na kila kazi niliiacha siku nilipoielewa. Nilikuwa naishi mtaa wa Langas, chumba kimoja na fundi viatu aliyeitwa Kamau, mtu wa maneno mengi na usingizi mzito, na nilikuwa najilisha kwa kuandika mabango ya kinyozi, ya posho mill za kusaga mahindi na ya bucha. Siku niliyokutana na Mzee Barnaba nilikuwa nimesimama juu ya kreti mbele ya bucha, nikimalizia ng'ombe anayetabasamu. Mwenye bucha alisisitiza atabasamu. Nikahisi mtu nyuma yangu. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti zito la sufu, mikono mfukoni, na wala hakumwangalia ng'ombe.

"Hapo juu umeweka rangi gani?" akauliza.

"Hiyo ni mbingu, mzee."

"Nimeuliza rangi."

Nikamwambia ni buluu, nimeichanganya na masizi ya sufuria ya mama mwenye nyumba, kwa sababu siku ile niliyoanza bango mvua ya mawe ilikuwa inakuja. Akauliza na pale pembeni je. Nikasema pale ni kijani kidogo, maana mvua ya mawe ikikaribia, mbingu huwa na kijani huku chini. Alinitazama mimi na si bango. "Wewe unakiona hicho kijani?" Nikamuuliza kwani yeye hakioni, si kiko pale. Aliuliza jina langu, akaniambia kwamba yeye ni mchoraji wa mandhari, kwamba mashamba yake ya ngano yako kwenye kuta za sebule nyingi za mji huu, na kwamba amekuwa akitafuta mtu wa kufundisha. Niliteremka kwenye kreti nikiwa nimeshasahau bucha. Alinichagua, hilo ni kweli. Nilidhani amechagua mkono wangu.

Studio yake ilikuwa gereji nyuma ya nyumba. Gari halikuwahi kuingia humo. Paa lilikuwa la mabati, isipokuwa karatasi mbili za plastiki angavu alizoziweka ili mwanga uingie, na mvua ikinyesha hamkuweza kusikilizana hata mkipiga kelele. Upande mmoja kulikuwa na dirisha pana alilolitoboa mwenyewe, na nje ya dirisha kulikuwa na mti wa parachichi wa jirani, tangi la maji, kamba ya nguo, na juu ya vyote hivyo mbingu ya Uasin Gishu, ambayo ni kubwa kuliko mbingu za kwingine nilikokaa. Palinuka tapentaini na maziwa, kwa kuwa Mama Chelimo, mke wake, alikuwa anatundika vibuyu vyake vya mursik, maziwa ya kugandisha, kwenye kona moja ya gereji ambako hapakuwa na joto. Kwenye mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, Mzee alikuwa amepanga tyubu za rangi ya mafuta kwa mstari, na kila moja ilikuwa na mahali pake. Nilipoiona ile meza mara ya kwanza nilihisi njaa, kweli kabisa, tumboni.

Asubuhi ya kwanza alinipa kipande cha ile bodi nyembamba ya kahawia ambayo mafundi hupigilia migongo ya makabati. Alikuwa ameshaipaka rangi nyeupe na kuisugua kwa msasa. Akachukua penseli na rula, akapiga mstari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, theluthi moja kutoka chini. "Juu ya mstari ni kwako," akasema. "Chini usiguse. Mwaka mzima utapaka anga tupu. Mwaka ukiisha nitakupa ardhi." Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndivyo alivyofundishwa yeye, na mwalimu wake alikuwa mkali kuliko yeye, alimfanya apake anga hata siku za homa, na siku aliporuhusiwa kushuka chini ya mstari alilia. Alisimulia habari za huyo mwalimu mara nyingi mwaka ule: alivyokuwa akivaa viatu vya mpira hata kiangazi, alivyokuwa akivunja brashi ya mtu mvivu mbele ya wenzake. Nilimpenda huyo mwalimu bila kumwona. Nilijiona nimeingia katika ukoo, mimi ambaye sikuwa nimekaa mahali popote muda wa kutosha kujulikana na mbwa.

Ikawa ndiyo kazi. Nilitoka Langas kukiwa na ule ubaridi wa Eldoret unaoingia kwenye magoti, nikifika nakuta bodi imeshapigwa mstari na kikombe cha chai ya maziwa kimefunikwa kwa sahani. Mzee alikaa kwenye kiti cha kamba nyuma yangu, naye na kikombe chake, na kabla sijagusa rangi alisema kila siku, "Niambie unaona nini." Buluu haikumtosha kama jibu. Alitaka buluu gani, inaanzia wapi, inakufa wapi, imekaribiana na kitu gani anachokijua. Nikawa nahangaika kutafuta maneno. Nilimwambia leo kule chini ni rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Leo ni kama sare ya shule iliyofuliwa mara nyingi. Leo juu kabisa ni buluu ya kovu jipya. Alikuwa anafunga macho akisikiliza, na nyakati nyingine alirudia neno langu polepole, "maji ya mchele," kama mtu anayeonja. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza namna hiyo, na hata leo sijampata mwingine.

Nilipomaliza kupaka, kwenye saa sita hivi, alichukua bodi mwenyewe na kuipeleka stoo iliyokuwa nyuma, akaiegemeza ikauke, uso ukiwa upande wa ukuta. Sikuruhusiwa kuzitazama. Alisema mtu anayetazama alichopaka jana atapaka tena cha jana. Mchana ulikuwa wake. Mimi nilikula nikaenda zangu, kwenye mabango au kuzurura tu, na yeye alifunga mlango wa gereji akafanya kazi peke yake. Sikuona ajabu. Fundi yeyote ana saa zake.

Kamau aliniudhi sana na hiyo habari ya anga. Kila jioni nikiingia chumbani aliuliza, "Umemaliza mbingu?" Nikisema bado, anasema, "Mungu alimaliza siku moja, na hakuwa na mwalimu." Majirani wakaniita Fundi wa Mawingu. Lakini nilikuwa naendelea, na nilijua naendelea, ndiyo maana hawakuniumiza. Miezi ya kwanza anga zangu zilikuwa kama shuka lililoanikwa, bapa, buluu juu na nyeupe chini. Halafu siku moja nikaona kwamba anga haiko juu peke yake. Inaanzia juu ya kichwa chako na kwenda mbali, kama barabara, na inavyokwenda mbali ndivyo inavyochoka rangi. Nikajifunza kwamba wingu lina tumbo na tumbo hilo hukopa rangi kutoka kwenye udongo ulio chini yake. Nikajifunza kutengeneza kijivu bila kutumia nyeusi. Mwezi ule watu wanapochoma mabua ya mahindi nilijifunza kupaka moshi usiofanana na wingu, na ilinichukua siku nyingi za kuharibu. Niliugua malaria nikaenda hivyo hivyo, kwa sababu ya yule mwalimu wa viatu vya mpira, na anga ya siku ile ikatoka na rangi ya nyongo. Mzee aliposikia nikiieleza alisema hiyo ndiyo bora kuliko zote. Nilitembea hadi Langas nikitetemeka kwa homa na furaha, sijui kipi zaidi.

Mchana tulikula jikoni kwa Mama Chelimo. Ugali mgumu wa mahindi ya pale pale, mboga za managu zilizopikwa kwa maziwa, na kikombe cha mursik chenye vumbi la mkaa, ambacho mwanzoni nilikunywa kwa adabu na baadaye nikawa nakiota. Sahani yangu ilikuwa kubwa kuliko ya Mzee. Nilipojaribu kukataa, Mama alisema mtu anayesimama asubuhi nzima hawezi kula kama ndege. Chelimo, ambaye wakati huo alikuwa shule ya bweni, akija likizo alikuwa ananicheka nilivyokula. Wao kwa wao waliongea Kinandi, na mimi kwa udadisi wangu nilikuwa nimeokota Kinandi cha kutosha bila kuwaambia. Si kwa ubaya. Sijui kukaa karibu na lugha bila kuichokora. Siku moja nilikuwa nje nikinawa, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nikamsikia Mama akimwambia mumewe: huyu kijana utamweka gizani mpaka lini? Mzee akajibu, mpaka maonyesho. Mama akasema, nenda ukaonwe na daktari, acha uoga. Nikasikia kijiko kikiwekwa mezani kwa nguvu. Nilibaki pale bombani maji yakinitiririka, nikaelewa, au nikadhani nimeelewa: Mzee anaumwa, hataki nijue, asije akanivuruga kabla ya mwaka kwisha. Tangu siku hiyo nikawa nafika mapema zaidi. Nilimpenda zaidi, niseme hivyo. Ndicho kitu kinachonichoma nikikumbuka.

Kuna jambo jingine ambalo lilipaswa kunifungua macho. Msimu wa mvua nilifagia studio ili kumfurahisha, na nilipofika kwenye ile meza nikazipanga tyubu upya, kutoka nyeupe hadi nyeusi, zikapendeza sana. Kesho yake nilikuta kwenye egemeo lake la kuchorea picha aliyopaka mchana uliotangulia, mahindi yaliyochorwa kwa karibu, majani yamejaza bodi yote. Mahindi yalikuwa ya buluu. Buluu nzito, ya wino, kutoka shina hadi kilele. Nilisimama mbele yake nikasahau chai. Mzee alipoingia nilimwambia sijawahi kuona mtu mwenye ujasiri huo. Alikwenda kwenye meza, akainama juu ya tyubu hadi pua ikakaribia kuzigusa, akasoma karatasi ya moja, halafu ya nyingine. "Unaionaje?" akauliza bila kugeuka. Nikasema ni ya ajabu. "Basi ndivyo nilivyotaka," akasema, kisha akaniamuru nirudishe kila tyubu mahali pake na nisiziguse tena. Mwezi mzima nilipaka mabango yenye ng'ombe wa buluu. Mwenye bucha mmoja aliniuliza kwa upole, "Sasa kijana, nyama ya huyu nani atakula?" Mimi nikamhurumia kwamba hajui sanaa.

Mwaka ulipokaribia kwisha Mzee alianza kuzungumzia maonyesho. Yangefanyika kwenye ukumbi wa hoteli mjini, na aliniahidi kwamba karibu na mlango kutakuwa na picha moja yangu, nzima, juu na chini, yenye jina langu. Nilikuwa nimeshajua ardhi gani nitapaka: lile teremko kabla ya mji wa Turbo, mahindi yakiwa yamekauka, lori moja limeegeshwa. Nilikuwa nimeipita nikiwa utingo mara nyingi bila kuiona. Nilimweleza, akafurahi sana. Akasema basi nenda Turbo, kaa huko siku chache, chora kwa penseli mpaka mkono uijue ile ardhi, ukirudi tutaweka rangi. Mama alinifungia chapati kwenye karatasi. Hakuniangalia usoni, na mimi nikadhani amechoka.

Nilichora vizuri kule. Nililala kwa rafiki wa zamani wa malori, nikachora mahindi, magunia, wanaume waliokaa juu ya magunia, hadi karatasi zikaisha. Kwa sababu karatasi ziliisha nilirudi mapema. Nilishuka mjini, na nilipopita karibu na ile hoteli nikaona bango kwamba maonyesho ni leo. Nilidhani tarehe imebadilishwa wakakosa namna ya kunijulisha. Niliingia na mfuko wangu mgongoni, viatu vina udongo wa Turbo, nikatafuta picha yangu karibu na mlango.

Hapakuwa na picha yangu karibu na mlango. Zilikuwa ukutani, kuzunguka ukumbi wote. Ile ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya mabua yanayochomwa. Nilitambua moshi kabla sijatambua kitu kingine, kwa sababu niliwahi kuuota. Chini ya moshi wangu kulikuwa na shamba lililovunwa na nyumba ya bati, kazi ya Mzee, udongo wake ule mwekundu unaoonekana una joto. Ya pili ilikuwa mvua ya mawe. Ya tatu ilikuwa ile ya nyongo, ya siku ya malaria, na chini yake ng'ombe wake walikuwa wamelala wakitazama upande mmoja. Mstari wa penseli haukuonekana. Alikuwa ameuficha kwa vilima. Niseme kweli, zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kuliko chochote alichokuwa nacho sebuleni na kuliko chochote nilichoweza mimi, na kila moja kwenye kona ya chini kulia ilisema Barnaba Kirwa.

Alikuwa amesimama katikati na kikundi cha watu wenye suti, Mama kando yake na kitenge kipya. Mwanamke mmoja alimwuliza anaipataje ile rangi ya mbali, pale anga inapokutana na shamba. Mzee akafunga macho kidogo. "Hiyo ni rangi ya maji yaliyooshewa mchele," akasema. Watu wakatoa sauti ile ya kupendezwa. Anga ningeweza kumwachia siku ile, nadhani. Lakini maneno nilikuwa nimeyatafuta asubuhi zote hizo kwa ajili yake, yeye akiwa amekaa nyuma yangu, na nilikuwa nimedhani yanabaki chumbani mle. Nikatoka kabla hajageuka. Mama aliniona. Aliweka mkono mdomoni na hakuniita.

Kesho yake nilikwenda gereji saa zangu zile zile. Bodi haikuwepo. Yeye alikuwepo kwenye kiti cha kamba, amevaa koti, kama mtu aliyelala pale.

"Uliniambia ni mazoezi," nikasema.

"Yalikuwa mazoezi. Angalia ulivyoanza na angalia ulipo."

"Mzee, ulinituma Turbo."

Akasema, "Sioni buluu, Wafula. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Kwangu hiyo mbingu ni kama chai ya maziwa. Udongo naweza kwa kukumbuka, kijani naweza kwa kujua tyubu iko wapi. Mbingu siwezi."

Nikaelewa mahindi ya buluu, na jikoni, na kila "niambie unaona nini". Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Ningempakia. Ningempakia zote, asubuhi na mchana, bila jina langu popote, na hiyo ni kweli, mimi wa mwaka ule ningefanya hivyo kwa chai tu.

"Najua," akasema. "Ungenipakia kwa huruma. Zisingekuwa zile. Ulipaka vile kwa sababu ulidhani ni zako."

Nilitaka kumchukia kwa hilo lakini nilikuwa najua yuko sahihi katika jambo la rangi, kama kawaida yake. Kwa hiyo nikauliza kile kingine, kilichokuwa kimebaki. "Na mwalimu wako? Yule wa viatu vya mpira. Yeye alikufanya upake anga mwaka mzima?"

Alitazama mikono yake muda mrefu. "Sikuwa na mwalimu," akasema. "Nilijifunza peke yangu."

Niliondoka. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni na sahani, na nilipita kando yake kama mtu anayepita nguzo ya stima. Nilimwachia Kamau godoro na jiko, nikapanda lori la kwanza lililokwenda mbali. Tangu hapo nimepaka Kitale, Lodwar, Nakuru, kuta na mbao na turubai, na watu wengine wameweka kazi zangu ndani ya nyumba zao. Sijawahi kuanza picha bila kupiga mstari theluthi moja kutoka chini. Nimejaribu kuanza na ardhi, mkono unagoma. Njia hiyo haikutoka kwa mwalimu yeyote. Ilibuniwa na mzee mwoga kwenye gereji ili aibe asubuhi zangu, na ndiyo njia bora ninayoijua. Mtu akiniuliza nilisomea wapi, bado namsimulia habari za viatu vya mpira. Nimejaribu kuacha.

Nilikwenda West Indies. Nilifika mapema, Chelimo akanipokea kwa machozi na kunishika mkono hadi gereji. Amekuwa mwanamke mkubwa sasa, mwalimu, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa. Picha za maonyesho yale, zile ambazo familia ilibaki nazo, zilikuwa zimetundikwa sebuleni. Lakini gerejini alitaka kunionyesha kitu kingine. Stoo ilikuwa imejaa bodi, miaka na miaka ya bodi. Zote zilikuwa na ardhi chini, ngano, mahindi, barabara za matope, ng'ombe. Juu ya ardhi zilikuwa nyeupe. Nyeupe ile ya msasa, safi, haijaguswa. Hakwenda hospitali kamwe. Aliogopa kisu mpaka mwisho. Chelimo alisema watu wa chuo walikuja, wakazipenda sana, wanasema ni mtindo wa uzeeni, kwamba baba alikuwa anauona umilele. Akataka, nikiongea, niwaeleze wageni ule weupe una maana gani. Nilizipekua moja baada ya nyingine. Sikujua kama nimeombwa msamaha au nimepewa kazi.

Watu walijaa, pasta akaomba, nikasimamishwa. Nilikuwa nimeamua nikiwa kwenye ngazi kule Nakuru, na sikuzungusha maneno. Nilisema, "Mimi naitwa Wafula. Nilikaa na Mzee Barnaba mwaka mmoja. Anga zote mnazoziona kwenye ukuta huu nilizipaka mimi. Yeye alipaka chini. Hakuwa anaona buluu, na hakuniambia anachofanya nazo." Mtu mmoja nyuma akasema, "Amina," na makofi yakaanza. Walipiga makofi kwa upendo, wengine wakifuta macho. Chelimo alinikumbatia akasema hajawahi kusikia mwanafunzi akieleza hivyo jinsi alivyobebwa ndani ya kazi ya mwalimu wake. Nikamwambia, "Chelimo, nilimaanisha nilivyosema." Akanipiga begani taratibu. "Najua," akasema. Kijana mmoja wa chuo alinisogelea kuuliza ule weupe. Nikamwambia hauna maana, hakuwa na mtu wa kumpakia. Akatikisa kichwa polepole, akalirudia jibu langu kwa mwenzake, na kwa namna alivyolirudia nilijua kwamba limekwisha kugeuka kitu kingine.

Mama Chelimo hakupiga makofi. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo sana ndani ya shuka lake, na watu walipotoka kwenda kwenye chai aliniita kwa kidole. "Mimi nilijua tangu bodi ya kwanza," akasema. "Nilimwambia akuambie, hakuweza. Na mimi sikuweza." Nilimwuliza kwa nini yeye hakuweza. Akafikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kujibu swali. "Alikuwa amefurahi," akasema. "Alikuwa hajafurahi muda mrefu." Hakuomba kitu, nami sikuwa na kitu cha kumpa. Baada ya muda akaonyesha ukuta. "Toa moja. Nitamwambia Chelimo ni mimi." Nikatoa ile ya nyongo.

Nilikwenda nayo hadi kwenye stage ya bodaboda nimeikumbatia, sikuwa na karatasi ya kuifunga. Mwendesha boda alinisaidia kuiweka katikati yetu, akaiinamisha aitazame.

"Hii umechora wewe, mzee?"

"Huku juu," nikasema.

"Na huku chini?"

"Mtu mwingine."

Aliitazama tena, kichwa upande, kama mtu anayekagua tairi. "Huku juu kuna mgonjwa," akasema, akawasha pikipiki.